Tangi la kwanza la samaki wa mapambo nyumbani: Maandalizi, uchaguzi wa samaki na wajibu wa mfugaji

Na Mwandishi Wetu

Samaki wa mapambo anayenunuliwa leo na kukutwa akielea baada ya siku chache, mara nyingi hakuuawa na ugonjwa aliotoka nao dukani. Huuawa na sumu itokanayo na kinyesi chake mwenyewe, ndani ya maji ambayo kwa macho yanaonekana safi kabisa. Hasara hiyo huepukika endapo mfugaji ataandaa tangi kwanza na kununua samaki baadaye, kinyume na ilivyozoeleka.

Makala haya yanaeleza hatua za kuandaa tangi la kwanza la maji baridi nyumbani, namna ya kuchagua samaki wanaofaa na wajibu wa mfugaji kwa maziwa na mito ya nchi. Wajibu huo una uzito wa pekee kwa Tanzania, kwa kuwa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ni asili ya samaki wengi wa rangi wanaofugwa katika matangi ya Ulaya, Asia na Marekani.

Ukubwa wa tangi na mahali pa kuliweka

Wanaoanza hudhani kuwa chombo kidogo ni rahisi kukitunza. Ukweli ni kinyume chake. Katika maji machache, joto hubadilika upesi na uchafu hujilimbikiza upesi, hivyo kosa dogo la siku moja hutosha kuua. Bakuli la kioo la mviringo halifai kwa samaki wa aina yoyote. Kwa anayeanza, tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40 ni chaguo zuri. Tangi hilo hubeba takriban lita 100 za maji likijazwa na kuachiwa nafasi kidogo juu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tangi la lita 100, pamoja na vioo, changarawe na mawe, huzidi kilo 130. Meza ya kawaida ya sebuleni haiwezi kubeba mzigo huo kwa usalama. Inahitajika stendi imara ya chuma au mbao ngumu, iliyokaa sawasawa sakafuni na kupimwa kwa pima maji. Kati ya stendi na tangi lisilo na fremu huwekwa kipande cha sponji au godoro jembamba ili kioo kisipasuke kwa kukalia punje ya mchanga.

Tangi lisiwekwe dirishani wala mahali linapopigwa na jua. Jua huotesha mwani unaofanya maji kuwa ya kijani na, katika mikoa ya Pwani, huweza kuyapasha maji kupita kiasi. Aidha, nyaya zote za umeme zilegezwe zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mfugaji azime umeme kila anapoingiza mkono ndani ya tangi.

Vifaa vya lazima

Vifaa vya msingi ni vichache: chujio lenye sponji, pampu ya hewa, kipimajoto, taa, mfuniko, mpira wa kunyonyea maji na ndoo mbili ambazo hazijawahi kutumika kwa sabuni. Mabaki ya sabuni, hata kidogo, ni sumu kwa samaki.

Hita ya maji hutegemea mahali. Samaki wengi wa maji baridi wa nchi za joto hustawi kati ya nyuzi joto 24 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hita huhitajika kwa nadra. Mbeya, Njombe, Iringa na Arusha, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, hita yenye kujizima yenyewe ni ya lazima.

Changarawe na mchanga vioshwe mara nyingi kwa maji matupu hadi maji yatoke meupe. Mchanga wa baharini, vipande vya matumbawe na mawe ya chokaa huongeza ugumu wa maji. Vitu hivyo huwafaa baadhi ya samaki na kuwadhuru wengine, hivyo visiwekwe bila kujua aina ya samaki atakayefugwa.

Maji ya bomba, ya kisima na ya mvua

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kulinda afya ya wananchi. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki. Njia rahisi ya kuiondoa ni kuyaacha maji katika ndoo zenye mdomo mpana kwa saa 24, ikiwezekana pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi. Mahali ambapo maji hutiwa kloramini badala ya klorini, njia hiyo haitoshi na inahitajika dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki.

Maji ya visima hayana klorini kwa kawaida, lakini visima vingi vya mwambao vina chumvi. Maji ambayo watu hawawezi kuyanywa kwa sababu ya chumvi yasitumiwe kwa samaki wa maji baridi. Maji ya mvua nayo ni laini mno, na yakitumika peke yake kipimo chake cha pH hubadilika ghafla. Yanafaa kuchanganywa na maji mengine.

Kukomaza tangi kabla ya kuweka samaki

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua uhai wa samaki. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Katika tangi lililokomaa, kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji la chujio, juu ya changarawe na kwenye mawe. Katika tangi jipya hawapo.

Ili kuwakuza, tangi lijazwe maji yasiyo na klorini, chujio liwashwe bila kuzimwa, kisha chembe kidogo za chakula cha samaki zitiwe kila siku kana kwamba samaki wapo. Chakula kikioza hutoa amonia, na amonia huwalisha bakteria. Kazi hii huchukua kati ya wiki nne na sita. Muda hupungua ikiwa mfugaji atapata kipande cha sponji kilichotumika katika tangi la mtu mwingine ambalo samaki wake ni wazima.

Tangi huwa tayari pale vipimo vinapoonyesha amonia sifuri, nitriti sifuri na nitrati imeanza kuonekana. Asiye na vipimo asubiri wiki sita kamili na aanze na samaki wawili au watatu tu. Ni vyema pia kufahamu kuwa kadiri kipimo cha pH na joto la maji vinavyopanda, ndivyo amonia inavyozidi kuwa na sumu. Anayekusudia kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaotaka maji yenye pH ya juu, ana sababu zaidi ya kuwa na subira.

Kuchagua samaki

Kanuni ya kwanza ni kuchagua samaki kwa ukubwa atakaofikia, si ukubwa alionao dukani. Kwa samaki wadogo, kipimo cha tahadhari ni sentimita moja ya samaki aliyekomaa kwa kila lita mbili za maji. Kanuni ya pili ni kutochanganya samaki wanaotaka maji ya aina tofauti. Samaki wa mito ya Amazon wanaopenda maji laini hawawezi kukaa vizuri pamoja na samaki wa Tanganyika wanaotaka maji magumu.

Gapi ni samaki mdogo mwenye mkia wa rangi, asiyezidi sentimita sita, na hustahimili maji magumu ya maeneo mengi nchini. Huzaa watoto walio hai takriban kila mwezi. Jike aliyewahi kukaa na dume huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa hata akitengwa, kwa hiyo asiyetaka wingi wa samaki anunue madume pekee.

Samaki wa magamba ya konokono ni fahari ya Ziwa Tanganyika. Spishi iitwayo Neolamprologus multifasciatus haizidi sentimita tano na huishi ndani ya magamba matupu ya konokono yaliyotapakaa sakafuni mwa ziwa. Humo hujificha, hutaga na kulea. Samaki huyu ni wa familia moja na perege, sato na kuhe, ingawa kuhe wa Kigoma huzidi nusu mita. Kundi la samaki sita hutosheka na tangi la lita 100 lenye mchanga wa sentimita tano na magamba yanayozidi idadi ya samaki. Maji yawe magumu, yenye pH kati ya 8 na 9.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za buluu na manjano, huwavutia wengi. Hata hivyo, ni wagomvi wanaogombea mipaka na huhitaji tangi la lita 200 au zaidi lenye mapango mengi ya mawe. Anayeanza asubiri apate uzoefu.

Samaki wa dhahabu ndiye anayeteseka zaidi mikononi mwa wanaoanza. Huuzwa akiwa na sentimita tano, lakini huweza kuzidi sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi. Huchafua maji sana na hupenda maji ya baridi. Bwawa la bustanini katika mikoa ya nyanda za juu linamfaa kuliko tangi la sebuleni.

Samaki wa matumbawe ya baharini huhitaji chumvi maalumu, vifaa vya gharama na uangalizi wa kila siku. Wasiwe samaki wa kwanza wa mtu yeyote. Vivyo hivyo vifaranga vya sato na kambare, ambao ni samaki wa kitoweo na hukua kupita uwezo wa tangi la nyumbani.

Kuwaingiza samaki na kuwatunza

Samaki wakifika nyumbani, mfuko ulioelea huachwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya tangi huongezwa mfukoni kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa, na samaki huhamishwa kwa wavu. Maji ya mfuko yasimwagwe ndani ya tangi.

Chakula kitolewe mara moja au mbili kwa siku, kiasi kitakachomalizwa ndani ya dakika mbili. Kila wiki ibadilishwe robo ya maji, si maji yote. Sponji la chujio likiziba, likamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi. Kulisafisha kwa maji ya bomba yenye klorini ni kuwaua bakteria na kurudi mwanzo.

Umeme ukikatika, mfugaji asilishe, na kila baada ya muda achote maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu ili hewa iingie. Katika kushughulikia tangi, mwenye kidonda mkononi avae glavu, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kazi.

Sheria na wajibu kwa maziwa yetu

Shughuli za uvuvi na biashara ya samaki nchini zinaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Mwananchi anayetaka kuvua samaki wa mapambo kwa biashara, au kuwaingiza au kuwatoa nchini, anapaswa kupata kwanza maelekezo na vibali kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Maji yaliyomo ndani ya hifadhi za Taifa, ukiwamo ukanda wa ziwa wa Hifadhi ya Mahale, si mahali pa kuvua kwa biashara.

Wajibu mkubwa zaidi hauhitaji kibali: samaki, konokono au mmea wa tangi asitupwe kamwe ziwani, mtoni wala mtaroni. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya furu hao wamesalimika ndani ya matangi ya Ulaya na Marekani. Gugu maji nalo, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake katika mabwawa ya bustani, lilifunika ghuba za ziwa hilo katika miaka ya 1990 na kuzuia mitumbwi na meli.

Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za familia ya perege, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Samaki mgeni mmoja mwenye mayai, au ugonjwa uliobebwa na maji ya ndoo, huweza kuanzisha madhara yasiyorekebishika.

Mfugaji aliyechoka au kuhama awarejeshe samaki dukani au awape wafugaji wengine. Kwa ushauri zaidi, wananchi wanahimizwa kumwona Afisa Uvuvi wa halmashauri yao, au kufika katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), kikiwamo kituo cha Kigoma.