Majina ya wateja nayo yana sheria mpakani

GISENYI – Anayepeleka nyanya au maziwa Goma kupitia Petite Barrière anajua masharti ya mzigo wake. Jambo lisilosemwa sana hapa Rubavu ni kwamba majina, namba za vitambulisho na za simu za wateja nayo yana masharti yake.

Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, ilitoa miaka miwili ya kujiandaa, iliyokwisha Oktoba 2023. Msimamizi ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao (NCSA). Wakala wa forodha au chama cha ushirika kinachokusanya taarifa za watu hutakiwa kujiandikisha huko.

Kifungu kinachowabana wafanyabiashara ni cha uhifadhi: taarifa zitunzwe ndani ya Rwanda, isipokuwa mhusika ana cheti cha NCSA kinachoruhusu kuzitunza nje. Hapo pana ugumu, maana anayeweka hesabu za madeni kwenye programu ya simu mara nyingi hajui sava iko Kigali au Ulaya. Kumtumia mnunuzi ankara yake ni suala jingine. Sheria inaruhusu taarifa kuvuka mpaka kwa ridhaa ya mwenyewe au kwa kutekeleza mkataba naye.

Serikali haikuanza msimamo huu 2021. Mei 2017 mamlaka ya udhibiti, RURA, iliitoza MTN Rwanda faini ya faranga bilioni 7.03 kwa kuendeshea huduma zake za kompyuta Uganda bila idhini. Kama nchi jirani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilihesabiwa kuwa nje, Goma haiwezi kuwa ndani.

Taarifa zikivuja, NCSA ijulishwe ndani ya saa 48 tangu tukio kugunduliwa. Faini za makosa ya kiutawala ni faranga milioni 2 hadi 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia.

Kongo nayo ilitoa Kanuni ya Dijitali Machi 2023, yenye sehemu ya taarifa binafsi. Lakini Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na tangu hapo haikuwa rahisi kwa mfanyabiashara kujua amlalamikie nani.

Sheria ya Rwanda imo katika Gazeti la Serikali kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili, lugha rasmi tangu 2017, hakimo.