Faili zilibaki, anwani zikafa: Kisa cha folda ya umma ya Dropbox

MNAMO Desemba 15, 2016, kampuni ya Dropbox yenye makao yake San Francisco, Marekani, iliwaarifu wateja wake kwamba folda iliyojulikana kama Public, yaani folda ya umma, ilikuwa imefika ukingoni.

Wateja waliotumia huduma hiyo bila malipo walipewa makataa ya hadi Machi 15, 2017. Wale waliokuwa wakilipa waliongezewa muda hadi Septemba 1 mwaka uo huo.

Siku hizo zilipowadia, kampuni haikufuta faili za mtu. Picha, nyimbo na maandishi yalibaki pale pale yalipokuwa, ila folda ikageuzwa kuwa ya faragha. Kilichotoweka ni anwani ambazo kwazo watu wengine walizifikia faili hizo, na hapo ndipo malalamiko yalipoanzia.

Dropbox ilianzishwa mwaka wa 2007 na Drew Houston na Arash Ferdowsi, vijana wawili waliopitia chuo cha teknolojia cha MIT. Huduma yenyewe ilifunguliwa kwa umma Septemba 2008. Mteja huweka faili katika folda maalumu kwenye tarakilishi yake, nayo programu hupeleka nakala katika mitambo ya kampuni na katika vifaa vyake vingine vyote. Uhifadhi wa namna hii huitwa wingu, ijapokuwa hakuna chochote kilicho angani. Faili huwa ndani ya tarakilishi za mtu mwingine, mahali pengine hapa hapa ardhini.

Kufikia Machi 2016, kampuni hiyo ilitangaza kwamba watu milioni 500 walikuwa wamejisajili.

Folda ya umma ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavutia watumiaji wa awali. Kila faili iliyowekwa humo ilipata anwani yake ya intaneti. Yeyote aliyepewa anwani hiyo aliweza kuifungua faili moja kwa moja, hata kama hakuwa na akaunti wala hakuwahi kulisikia jina la Dropbox.

Kwa sababu hiyo, watu waliitumia kwa mambo mengi. Wapo walioweka picha humo kisha wakazipachika katika kurasa zao za mtandao. Wapo walioweka vipindi vya sauti, vitabu vya masomo au programu walizobuni wenyewe. Wengine walijenga tovuti nzima ndogo ndogo bila kulipa hata senti moja, kwa kuwa ukurasa uliowekwa katika folda hiyo ulionekana kama ukurasa mwingine wowote wa wavuti.

Dalili za mwisho zilianza kujitokeza mapema. Kuanzia Oktoba 2012, akaunti mpya hazikupewa tena folda hiyo kama ilivyokuwa desturi. Kisha Oktoba 3, 2016, kurasa za wavuti za wateja wasiolipa zikakoma kuonekana kama kurasa. Miezi miwili baadaye, tangazo la kuifunga kabisa likatolewa.

Kampuni ilieleza kwamba tangu ibuni folda ya umma, ilikuwa imeunda njia nyingine bora zaidi za kushiriki faili. Njia kuu ni kiungo kinachotolewa kwa faili moja moja au kwa folda yoyote. Lakini viungo hivyo havikufanya kazi ile ile. Anayevibonyeza huletwa kwanza kwenye ukurasa wa Dropbox wenyewe, ambamo huonyeshwa faili na kuulizwa kama angependa kuipakua.

Kwa mtu anayemtumia mwenzake ripoti ya ofisini, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliyekuwa amepachika picha 300 katika makala zake za miaka sita, tofauti ilikuwa kubwa mno. Alipaswa kutengeneza viungo vipya, kuzisaka kurasa zote alikotumia vile vya zamani, kisha kuvibadilisha kimoja baada ya kingine. Tena si kila mahali alikuwa na uwezo wa kubadilisha. Kiungo kilichokwisha kutumwa kwa barua pepe, kuchapishwa kitabuni au kunakiliwa katika ukurasa wa mtu mwingine hakirudi mkononi mwa mwenyewe.

Hivyo basi, walioumia zaidi si wateja peke yao. Waliumia pia wasomaji ambao hawakupokea ilani yoyote, kwa sababu kampuni haikuwa na sababu ya kuwajua. Walibonyeza kiungo, wakakuta mlango umefungwa.

Jambo la pili lililowaudhi wengi ni kwamba malipo hayakuwakinga. Aliyelipa kila mwezi alipata nyongeza ya chini ya miezi sita tu, kisha yakamfika yaliyowafika wenzake.

Dropbox haikuwa peke yake. Agosti 31, 2015, Google ilitangaza kwamba haitaruhusu tena tovuti kuhifadhiwa katika huduma yake ya Drive, na mwaka mmoja baadaye ikatekeleza azma hiyo. Katikati ya mwaka wa 2017, kampuni ya Photobucket nayo iliamua kwamba mteja anayetaka picha zake zionekane katika tovuti nyingine ni sharti alipe dola 399 kwa mwaka. Picha za bidhaa katika maduka ya mtandaoni zikageuka ghafla kuwa matangazo ya kumtaka mwenyewe alipe.

Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyebuni wavuti, alikuwa ameonya kuhusu hatari hii mapema mwaka wa 1998. Hoja yake ilikuwa kwamba anwani ya ukurasa haipaswi kubadilika, na kwamba inapobadilika, kosa ni la aliyeibadilisha wala si la teknolojia.

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayeweka kazi yake mtandaoni anafaa kutofautisha vitu viwili: faili na anwani. Faili ni mali yake, na akiwa na nakala nyumbani haiwezi kumpotea. Anwani inayobeba jina la kampuni ni mali ya kampuni, hata kama yeye ndiye aliyeisambaza.

Njia ya kujikinga ni kusajili jina la tovuti lake mwenyewe na kulitumia katika viungo vyote anavyovitoa. Kampuni inayohifadhi faili ikibadili nia, yeye huhamisha faili kwingine na anwani zikabaki zilivyo. Aidha, ni vyema kuweka orodha ya mahali kila kiungo kilipotumika.

Naye msomaji anayekumbana na kiungo kilichokufa anaweza kujaribu bahati yake katika hazina ya Internet Archive, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka wa 1996, ambalo huhifadhi nakala za kurasa za zamani. Huko hupatikana tu kilichowahi kunakiliwa kabla ya mlango kufungwa.