Mfumo upi wa bure unafaa kuendesha mtandao wa ofisi?

Mtandao wa ofisi unapokatika, kazi husimama: barua pepe hazitoki, malipo hayapiti na wateja huondoka. Ndiyo maana kuchagua mfumo endeshi wa kompyuta inayogawa na kuchuja mawasiliano ni uamuzi mzito, hata pale mfumo wenyewe unapopatikana bila malipo.

Mifumo mingi ya aina hiyo ni ya ukoo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la 4.2BSD lenye TCP/IP, kanuni za mawasiliano zinazoendesha intaneti hadi leo. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana FreeBSD na NetBSD mwaka 1993, kisha OpenBSD, iliyojitenga na NetBSD mwaka 1995. Linux ina asili nyingine: kiini chake kiliandikwa upya na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, mwaka 1991.

FreeBSD husifika kwa kuhimili mzigo mkubwa. Kampuni ya Netflix huitumia katika seva zake za kusambaza filamu. OpenBSD hutanguliza usalama. Programu yake ya kuchuja mawasiliano, PF, ilitoka mwaka 2001, na utaratibu wake wa CARP huwezesha kompyuta mbili kutumia anwani moja, ili moja ikizimika nyingine ishike zamu. Hata hivyo, kila toleo lake hupata marekebisho kwa takriban mwaka mmoja tu. Debian, ya jamii ya Linux, hukubali vifaa vingi na hutunzwa kwa takriban miaka mitano kwa kila toleo.

Muda huo wa matunzo si jambo dogo. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Waliokwisha kuiweka walilazimika kuhama mapema.

Kabla ya kuchagua, inafaa kuhakikisha kwamba mfumo unatambua kadi za mtandao zilizopo, kujua marekebisho ya usalama yatatolewa hadi lini, na kuamua ni nani atakayeutengeneza ukiharibika usiku. Mfumo ambao fundi wa ofisi anaufahamu vyema huwa salama kuliko ulio bora kwa sifa lakini hauna wa kuutunza.