Daftari la Bunduki katika Mpaka wa Busia na Tororo

Katika nchi inayozunguka Tiira, mji mdogo wa machimbo ya dhahabu wilayani Busia nchini Uganda, sheria ya kuandikisha bunduki ni kongwe kuliko mpaka wenyewe, kwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, tarehe 1 Aprili 1902, ilhali Mkataba wa Brussels ulikuwa umetiwa saini tangu tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ingawa serikali ziliweza kuruhusu gumegume, yaani bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Silaha ya kisasa iliyotolewa ghalani kwa idhini maalumu ilipaswa kuandikishwa na kupigwa chapa, na mwenye nayo kupewa leseni yenye jina lake na alama ya chapa hiyo.

Agizo hilo lilikuta bunduki zimekwisha kuenea. Misafara ya waungwana wa pwani ilikuwa ikipita kwa Mumia, mtawala wa Wanga, na Wabukusu nao walikuwa wamejipatia silaha. Jaribio la Waingereza la kuzitwaa lilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Mtu aliyelinda ng'ombe wake kwa bunduki hakuona sababu ya kuikabidhi kwa mgeni aliyebaki na yake.

Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 ulileta njia nyingine, nayo ni kodi. Kila mwenye kumiliki au kutumia bunduki au bastola alitakiwa kulipa rupia 3 kwa mwaka, kiasi kilekile cha kodi ya nyumba, hivyo mkulima mwenye nyumba moja na gobori moja alilipa maradufu ya jirani yake asiye na silaha. Wakubwa walisamehewa kwa ngazi: Kabaka alipewa leseni 50 za bure, mawaziri watatu leseni 20 kila mmoja, machifu wa saza 10 kila mmoja, na mwenye shamba la zaidi ya ekari 500 leseni moja. Waliokuwa na bunduki kwa hiyo hawakuwa na maslahi mamoja, kwa kuwa daftari lilelile lililokuwa mzigo kwa mnyonge lilithibitisha heshima ya chifu.

Tofauti hiyo ilivuka mipaka ya Buganda. Semei Kakungulu, jemadari Mganda, aliingia Bukedi, eneo lenye Tororo na Busia, akiwa na wafuasi wenye bunduki, na mawakala wa Kiganda wakatawala nchi ambayo wenyeji wake hawakuwa na mkataba wowote wa kuwapa leseni za bure.

Madola yaliyorithi utawala huo yalishika daftari. Uganda ilitunga Sheria ya Silaha mwaka 1970, na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 ikazitaka nchi wanachama ziandikishe silaha za raia, zizipige chapa, na kuwazuia kabisa raia kuwa na bunduki za kujifyatulia zenyewe. Hata hivyo, watetezi wa haki ya raia kujilinda hawajaafikiana: wengine huiona leseni kuwa kinga ya mmiliki mwaminifu, na wengine huliona daftari kuwa orodha ya watakaonyang'anywa kwanza. Hofu ya kundi la pili ina ushahidi wake Karamoja, kaskazini mwa Tororo, ambako baada ya kampeni ya kukusanya silaha ya mwaka 2001 jamii zilizosalimisha bunduki zilivamiwa na majirani waliobaki na zao.

Historia ya eneo hili inaonyesha kuwa uandikishaji haukupingwa kwa sababu ya daftari peke yake, bali kwa sababu ya nani aliyeandikwa, nani aliyesamehewa na nani aliyeachwa bila ulinzi. Sheria isiyojibu maswali hayo matatu kwa usawa itatiiwa na waungwana na kukwepwa na wahalifu.