Kupima Ukavu wa Mahindi Eldoret

Kabla ya vipima unyevu kuenea Uasin Gishu, ukavu wa mahindi ulijulikana kwa meno na kwa chumvi. Punje iliumwa: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, inarudi juani. Au punje zilitiwa kwenye chupa pamoja na chumvi kavu, zikatikiswa. Chumvi ikigandia kioo, unyevu ungali juu ya asilimia 15 hivi.

Nyumbani hayo yalitosha. Lakini mahindi yakawa pia ya soko: reli ilifika Eldoret mwaka 1924, mbegu chotara za Kitale zikazidisha mavuno kuanzia miaka ya 1960, na mwaka 1979 bodi za mahindi na ngano zikaunganishwa kuwa bodi moja ya taifa ya nafaka, NCPB. Maghala yake hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na jino haliwezi kutofautisha 13 na 15.

Kihisi cha umeme kinaweza. Punje humiminwa kati ya mabamba mawili ya chuma, na kifaa hupima chaji ambayo mabamba hayo yanaweza kuhifadhi. Maji huiongeza mara 80 hivi kuliko ombwe, wanga mkavu mara chache tu. Kwa hiyo hata unyevu kidogo huonekana. Joto hupotosha usomaji wa nafaka, ndiyo maana vipima vizuri hupima pia halijoto na kusahihisha jibu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2004, sumukuvu ilipoua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kipimo cha ghalani, basi, ni cha haki. Kisicho cha haki ni mkulima kukijua akiwa langoni, lori limeshakodiwa, mvua ya Novemba ikinyesha na mahindi yakikataliwa. Kihisi kinapaswa kuanzia shambani. Kipima unyevunyevu wa hewa cha bei nafuu, kikifungiwa na punje kwenye mfuko wa plastiki kivulini kwa robo saa hivi, husaidia: kikisoma asilimia 65 au chini, mahindi yamekaribia kipimo cha ghala au yameshakifikia.