Programu moja, ramani nyingi: mfano wa MediCapt

Mtu anayejenga nyumba kwenye milima ya Bukavu hapati majibu yote katika karatasi moja. Mwashi anatafuta vipimo vya msingi, fundi wa umeme anatafuta njia ya nyaya, mwenye nyumba anahesabu vyumba. Programu ya ordinateri nayo ni vile. Muundo wake unapaswa kuandikwa kufuatana na kile ambacho kila mhusika anahitaji kujua.

MediCapt ni nini?

Ni programu ya simu na tableti iliyotengenezwa na Physicians for Human Rights, shirika la Marekani, pamoja na waganga wa Hospitali ya Panzi, ile iliyoanzishwa na Dokta Denis Mukwege mwaka 1999. Imetumiwa pia Naivasha, nchini Kenya. Muganga akiisha kumpima mtu aliyetendewa ubakaji, anajaza fomu ndani ya simu na kupiga picha za vidonda. Habari hizo zinafungwa kwa siri na kutunzwa, ili ziweze kuwa ushahidi mbele ya sheria.

Nani anauliza nini?

Muganga: umeme ukikatika ao rezo ikipotea katikati ya kazi, yale niliyoandika yanabaki wapi?

Mgonjwa: nani ataona jina langu na picha zangu? Nilikubali zifike mpaka wapi?

Polisi, parke na hakimu: picha hii haikuguswa tangu ilipopigwa? Nani aliifungua, na saa ngapi?

Fundi: serveri iko wapi, ufunguo wa siri unashikwa na nani, na sehemu gani inategemea ingine?

Ukiandika kwa ajili ya fundi peke yake, muganga na hakimu hawatapata jibu lao.

Njia gani inafuatwa?

Mwaka 1995, mtaalamu Philippe Kruchten alitoa mfumo unaoitwa « 4+1 ». Mitazamo minne inaonyesha kazi za programu, mambo yanayotendeka wakati inatembea, namna mafundi wamepanga kodi, na mashine ambamo inakaa. Wa tano ni visa vya matumizi, vinavyounganisha ile minne. Kanuni ya kimataifa ISO/IEC/IEEE 42010, iliyotoka mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2022, inadai kwanza kutaja wahusika na mahangaiko yao, ndipo kuchagua mitazamo.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha faida yake. Fuata picha ya kidonda kutoka chumba cha muganga mpaka meza ya hakimu. Tuseme ramani moja inasema picha inafutwa ndani ya simu mara tu inapotumwa, na ingine inasema muganga anaweza kuifungua tena kesho yake bila rezo. Hayo mawili hayapatani. Heri kosa hilo lionekane kwenye karatasi kuliko kwenye kesi.

Sababu gani kuandika ni lazima?

Mradi unaweza kuisha, fundi akahamia kwingine, na kesi ikiwa bado inaendelea. Siku avoka wa mshtakiwa atakapouliza picha ilipitia wapi, jibu haliwezi kuwa katika kichwa cha mtu aliyeenda. Kwa hiyo, kila programu inapobadilishwa, ramani zake zote zinabadilishwa pia.