Mkondo, Si Mfano

Watafsiri wa programu za ofisi wameng'ang'ania neno "mfano" kwa jambo ambalo si mfano wa kitu chochote. Mtu akiianzisha Excel, kisha akaianzisha tena pembeni ili ziende mbili kwa pamoja, kila moja na kumbukumbu yake, Kiingereza huita kila moja "instance". Ni wazi kwamba walioteua "mfano" walitazama maana ya kwanza kwenye kamusi wakaishia hapo. Mtumiaji anayeambiwa "anzisha mfano mpya wa programu" ana haki ya kuuliza: mfano wa nini?

Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mlimani hupeleka kazi zao kwenye stesheneri, watu husema "fungua Excel nyingine". Usemi ni mwepesi lakini una maana mbili: faili jingine ndani ya programu ileile, au programu yenyewe kuanzishwa upya. Tangu toleo la 2013 kila faili la Excel hujitokeza kwenye dirisha lake, na jicho hudhani kila dirisha linajitegemea. Halijitegemei. Makro ikianza kukokotoa data za utafiti za mwanafunzi, orodha ya mishahara iliyo kwenye dirisha la pili nayo inaganda. Liko baya zaidi: faili lililofunguliwa kwanza likiwa limewekwa kukokotoa kwa amri tu, yanayofunguliwa baadaye hufuata mkumbo. Karani anabadilisha mshahara wa mtu, jumla chini inabaki ileile mpaka abonyeze F9, na asipojua anachapa orodha yenye jumla ya zamani.

Neno linalofaa ni "mkondo". Mzazi yeyote Tanzania anajua shule ya mikondo miwili: Kidato cha Kwanza A na B, muhtasari mmoja, lakini kila mkondo una chumba chake, daftari lake la mahudhurio na mwalimu wake wa darasa. Kelele za A hazisimamishi somo la B. Excel mbili zinazokwenda sambamba zina uhusiano huohuo, na Mswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Asili ya maneno nayo inaliunga mkono. "Lahajedwali", istilahi iliyokwisha kuzoeleka, imebeba "jedwali", na jedwali ni "jadwal" ya Kiarabu, ambayo mbali na safu za tarakimu ina maana ya kijito, mfereji mdogo wa maji. Kumbe jedwali lenyewe lina maji ndani yake, na mkondo ni ndugu yake kwa maana! Hata "instantia" ya Kilatini, mzazi wa neno la Kiingereza, inatokana na kitenzi cha kusimama mahali, kuwapo hapo hapo. Kuwapo na kwenda ndiyo sifa ya mkondo. Mfano hukaa kitabuni.

Pendekezo hili limekwisha kufikishwa kwa kamati za istilahi, likajibiwa kwamba "mkondo" limechukuliwa na umeme. Jibu hilo halikustahili kutoka kwa watu waliokabidhiwa lugha. Seli imo mwilini na imo kwenye lahajedwali, na hakuna daktari aliyelalamika. Wengine wanapigania "nakala"; lakini nakala kwa watu wa stesheneri ni kile kinachotoka kwenye mashine ya kopi, na kuanzisha Excel ya pili hakunakili faili lolote. "Tukio" nalo hutukia likapita. Inasikitisha zaidi kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani kabisa na Sinza, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, na bado matatizo ya jirani zake wa stesheneri hayasikilizwi.

Kwa matumizi: shikilia Alt, bofya alama ya Excel, usiachie mpaka programu iulize kama unataka mkondo mpya, ukubali. Kumbuka tu kwamba ukinakili kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine, fomula hazihami, zinahama thamani.

Kamati zitakapoketi tena, zifute "mfano" katika maana hii na kuandika: mkondo, wingi mikondo.